Gunia la Salama

Jumatano, 4 Juni 2025
Leo mimi ni mtu huru. Jaji amesema mtoto wangu Wayua, miaka minne, sasa ni wa Gachanja, yule Mkikuyu mwenye duka mjini Salama aliyemwoa mama yake, Nzilani. Na lile gunia la mahindi na ndengu nililoamriwa na korti kupeleka kwao kila mwisho wa mwezi — kwisha. Nilikuwa nimesaini kukubali. Sahihi yangu ni safi, hata karani aliiangalia mara mbili. Sisi tuliofika Form Two tunajua kalamu. Nzilani akaniambia, "Mulinge, asante." Nikamwambia asizoee.

Alhamisi, 5 Juni
Nimenunulia waendesha boda wenzangu wote wa stage ya Kabati soda. Mmoja wao, Nyamai, akauliza kama ni harusi ama matanga. Wivu tu. Pikipiki yake haiwaki bila kusukumwa.
Jioni Mama akapata habari kamili. Mtoto alipewa jina lake, maana kwetu msichana wa kwanza ni wa nyanya, mama ya baba. Sasa Wakikuyu nao wana kawaida hiyohiyo! Kwa hivyo mtoto amekuwa Wacuka, jina la mama ya Gachanja. Mama akaweka sufuria chini polepole.
"Kwa hivyo mimi, bado napumua, nimefutwa na korti. Na kalamu ulishika wewe."
Sikuwekewa muthokoi wangu wa mahindi na maharagwe. Nimelala na chai.

Jumapili, 15 Juni
Mama ameomba kanisani, kwa sauti, juu ya kijana fulani anayegawa jina la mzazi kama peremende. Kanisa lote likageuka. Bahati nzuri nilikuwa na viatu vipya.

Jumatano, 25 Juni
Nimegundua kitu. Mwisho wa mwezi huu sina sababu ya kwenda Salama.
Zamani nikishusha gunia, Wayua alikuwa anapanda kwa tangi la pikipiki na kupiga honi mpaka majirani wanatoka nje. Kelele za bure.
Sitaki kuandika juu ya hiyo honi.

Jumamosi, 28 Juni
Nimekuja Salama, lakini kibiashara. Mimi sasa ni supplier wa ndengu.
Gachanja akasimama mlangoni. "Bwana Mulinge, si tulimalizana?"
"Ya korti tulimaliza. Hizi nauza."
Akatia mkono guniani, akatafuna moja, akataja bei. Bei ya matusi, chini ya ile niliyonunulia Kabati asubuhi. Nikakubali hapohapo. Hapo ndipo niliharibu — mfanyabiashara gani hukubali hapohapo? Akaniangalia sana.
"Uko na zingine?"
"Kila mwisho wa mwezi."
"Basi usijisumbue. Nitakuwa natuma pickup yangu Kabati."
Nikamwambia ndengu zangu hazipandi pickup.
"Kwa nini?"
Nikatoa daftari mfukoni. Ameingia ndani kumwita Nzilani. Huyo anajua vizuri sana kwamba kwetu hatujawahi kupanda hata mche mmoja wa ndengu.
Nimekaa juu ya gunia, naandika ndio nionekane napiga hesabu. Nawasikia wakiongea polepole huko ndani. Pikipiki nimeiacha nyuma ya duka.
Kuna mtu anapiga honi.