Upande Wako wa Boneti

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipoomba maji ya kunywa, ukayaonja, ukasema yana joto, na kabla Mama hajarudi na mengine ukawa umetutoka.

Wengi waliokuja kutupa pole walikuita Mzee Kitambaa, na hawakujua kama una jina jingine. Kitambaa chenyewe kilikaa begani mwako kwa miaka thelathini na minne ya kupiga rangi magari. Kilifuta boneti, miwani yako na pua za wajukuu, kwa mpangilio ambao Mama hakuwahi kuupenda.

Gari likiingia gereji ulilizunguka mara mbili bila kusema neno, ukiinama ili mwanga ukuonyeshe mikwaruzo. Kisha uliuliza swali moja: "Linaoshwa na nani?" Mwenye gari akijibu kwamba ni dereva, ulitaka kumwona dereva. Hukumuuzia mtu kitu asichokihitaji. Mashahidi tunao, na baadhi yao waliondoka wamenuna.

Ndiyo maana kitinda mimba wako alipokuja na chupa ya seramiki, ile dawa ya majimaji inayopakwa juu ya rangi ya gari na kukauka ikawa ngumu kama kioo chembamba, aliiweka mezani kwa heshima, kama mtu anayeleta posa.

"Baba, ukishapaka hii, mtu anasahau mambo ya nta miaka mitatu."

"Anayesahau gari lake miaka mitatu si mwenye gari, huyo ni mpangaji."

"Dunia nzima wanapaka."

"Dunia nzima haileti magari hapa. Na mikwaruzo iliyo chini yake?"

"Tunaitoa kwanza kwa polishi."

"Wewe utaitoa. Mwenzako mwenye haraka atapaka juu ya mikwaruzo, nayo itatunzwa miaka mitatu bila kuguswa."

Ukanigeukia mimi, binti yako mkubwa, niliyekuwa nimejikalia na chai yangu. "Mwalimu, wewe uliyesoma kemia, sema."

Nilisema sina takwimu.

"Umesikia? Hana takwimu," ukamwambia mdogo wangu, kana kwamba nimekuunga mkono. Chupa ikawekwa kabatini.

Muda si mrefu akaja mkunga, naye amesikia habari za seramiki na anaitaka. Ukamuuliza swali lako.

"Linaoshwa na mvua, Mzee. Mvua ikikataa, basi."

Ulicheka hadi ukashika ukuta. Kisha ukamkatalia. Ulimpakia gari lake nta kwa mkono, kazi safi, ukamwambia arudi kila baada ya miezi miwili. Alirudi baada ya miezi saba, na kinyesi cha ndege kilikuwa kimekula vanishi ya boneti hadi kwenye rangi. Hakulalamika. Ulilipiga rangi upya bila kumtoza, ukakaa siku mbili huzungumzi na mtu.

"Jibu alinipa mwenyewe, mimi nikalicheka," ulituambia. "Huenda nilimshauri vibaya."

Wapo watakaoona ni jambo dogo, boneti moja la gari la mtu. Wewe hukuona hivyo, na ndiyo sababu tunaliandika hapa.

Jaribio ulilitunga wewe, maradhi yakiwa yamekwisha kukushika, mimi nikaandika masharti. Ulichukua boneti jeusi la gari lililokufa, ukalisugua lote mpaka mikwaruzo ikaisha, ukaligawa katikati kwa utepe wa karatasi. Mdogo wangu alipaka seramiki kulia, wewe ukapaka nta kushoto. Tukaliegemeza uani nyumbani, mbali na vumbi la msasa la gereji, uso wake ukielekea ukuta wa nyuma, kwenye jua la mchana. Sharti lilikuwa moja: asiliguse mtu mwaka mzima, liachiwe jua, mvua na ndege.

"Mwaka ukiisha, tazameni," ulisema. "Kama nilikosea, mwambieni yule mkunga. Tena msipige simu. Mwendeeni."

Siku kumi na tisa baadaye tukakuzika. Kwa hiyo tulibaki na neno lako mikononi, na boneti likabaki uani. Mdogo wangu hakuweza kulikaribia. Mimi sikutaka kulichungulia kabla ya siku yake, kwa kuwa mpimaji hachungulii.

Siku ilifika majuma matatu yaliyopita. Tulikwenda uani, mdogo wangu na ndoo, mimi na daftari pamoja na kipima mng'ao nilichoazima chuoni. Tulimwaga maji. Upande wa kulia yalijikusanya matone, yakateleza. Upande wa kushoto nao yalijikusanya matone, yakateleza.

Nta ya mkono haiwezi kufanya hivyo baada ya mwaka mzima juani. Kwa jua letu huchukua miezi miwili, mitatu ikijitahidi. Nikarudia kumwaga. Matokeo yakawa yale yale.

"Upande huu umeguswa," nilisema.

"Nimeugusa mimi," alijibu Mama kutoka mlangoni. Kitambaa chako kilikuwa begani mwake.

"Mama! Tulikubaliana asiguse mtu."

"Mlikubaliana ninyi watatu. Mimi nani aliniuliza?"

"Umeugusa mara ngapi?"

"Kila mwisho wa mwezi. Nafuta vumbi na uchafu wa ndege kote, ila nta naweka upande wa baba yenu peke yake. Wa huyu sijauwekea kitu," akamwonyesha mdogo wangu kwa kidevu. "Si alisema hautaki nta?"

"Jaribio limeharibika," nikasema.

"Limeharibikaje? Halijang'aa?"

Mdogo wangu alicheka kwa mara ya kwanza uani hapo tangu uondoke.

Nilipima. Tofauti ya mng'ao kati ya pande mbili ilikuwa ndogo mno kuitegemea. Jirani alipokuwa akijenga ukuta, kokoto zilianguka juu ya boneti, na kila upande umechimbika hadi kwenye bati. Hapo seramiki haikuzuia kitu, na ieleweke hivyo kwa wanaodhani ni ngao. Lakini upande wa kulia ulifutwa tu, mwaka mzima, na haukudai zaidi. Upande wa kushoto ulimdai Mama mara kumi na mbili, akichuchumaa na magoti yake yale.

Basi nikaandika: nta inatosha pale penye mtu wa kuipaka. Pasipokuwa na mtu huyo, seramiki ina thamani yake, mradi rangi iwe imesafishwa kwanza.

Tulimwendea mkunga kazini kwake, kwa miguu yetu kama ulivyoagiza. Mdogo wangu ndiye aliyesema.

"Baba alituachia ujumbe wako. Alikukosea. Gari lako lilifaa seramiki tangu mwanzo."

Mkunga alituvutia viti. "Alinikosea nini? Niliambiwa nirudi, sikurudi."

"Alijua hutarudi," nikamwambia. "Ulimwambia."

"Na hilo ndilo lililomkaa moyoni? Na maradhi yote yale?"

"Hilo."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe. "Mzee Kitambaa," alisema, akatikisa kichwa. Jumamosi alileta gari. Mdogo wangu alilizunguka mara mbili bila kusema neno, akainama kwenye mwanga.

"Linaoshwa na nani?"

"Mvua."

"Liingize."

Siku nzima aliimaliza kwenye mikwaruzo kabla ya kugusa ile chupa. Ungeliinamia gari lile, Baba, ungetafuta kasoro, na tunaamini ungelinyamazia.

Swali lako sasa limeandikwa kwa rangi juu ya mlango wa gereji. Neno lako tumelifikisha. Jaribio limefungwa, na nilimwambia Mama kwamba boneti linaweza kuondolewa uani. Alinitazama kama mtu aliyesikia upuuzi. Kopo lako la nta liliisha mwezi uliopita. Amekwisha kununua jingine.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye zamu yake ni mwisho wa mwezi huu, na mwanao fundi, na binti yako mwalimu, na mkweo, na wajukuu zako wanne, wanaojifuta pua wenyewe siku hizi, na dada yako, na mafundi wenzako wa gereji, na mkunga, aliyeomba atajwe.

Hatuna siku ya kukusahau, Baba.