Klachi ya Landrova ya Baba na Jani la Isale

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mvua ilianza alfajiri na imekata sasa hivi tu. Mlima sijauona leo siku ya nne. Naandika kwa kidole gumba kimoja, mkono mwingine umembeba Eliya ananyonya, na kucha zangu zina weusi ambao sabuni ya mche imeshindwa kuutoa.

Sina raha. Gari nimeligundua linaumwa nini, na hilo ndilo lililoninyima raha.

Nianze mwanzo, maana kichwa kimejaa.

Hii Landrova ni ya marehemu baba. Ni ya zamani kuliko mimi, na milango yake inafungwa kwa kubamizwa. Niko nayo hapa kwa mama, Old Moshi, tangu nilipokuja kulelewa uzazi wa Eliya. Nilikuja kwa miezi mitatu, sasa ni wa saba. Mume wangu ni mpishi wa wageni mlimani, amepanda Jumatatu na simu yake haipatikani. Mama magoti yamekwisha. Bodaboda ilimwangusha mwaka jana kwenye utelezi, hapandi tena. Kwa hiyo gari hili ndilo miguu yake: kanisani Jumapili, kliniki mjini mara moja kwa mwezi.

Na kama haendi popote, kila mchana mama anapanda anakaa kiti cha abiria, anafunga mlango, anasuka ukili wake humo humo. Sijawahi kumuuliza kwa nini. Huwezi kumuuliza mjane swali kama hilo.

Sasa kaka yangu Elibariki, aliyeko Arusha, amesema maneno yake na hakuyarudia. Jumapili baada ya ibada anakuja na mtu wa kununua. Gari likitembea tutaongea. Lisipotembea linavutwa linaondoka, na mama anakwenda kukaa kwake Arusha, kwenye nyumba ya kupanga isiyo na hata mgomba mmoja.

Mama ameniambia mara moja tu: "Arusha mimi nitakufa nikiwa nimekaa."

Kwa hiyo klachi hii si klachi tu.

Tatizo lilianza kama mchezo. Unakanyaga pedeli, inashuka, halafu haipandi. Naivuta kwa ncha ya mguu kama navua kiatu. Gia zinasaga, rivasi ndiyo kabisa haiingii. Nikatoa upepo kwenye bomba mara mbili, peke yangu, pedeli nimeikandamiza kwa fimbo ya mama iliyoegemezwa kwenye kiti. Siku mbili gari linakuwa zuri, la tatu linarudi kule kule. Nikaenda mjini nikanunua raba mpya za pampu ya klachi, nikampelekea Mzee Ndesario azifunge.

Mzee Ndesario ndiye fundi wa gari hili tangu sijazaliwa. Yeye na baba walishalala chini ya hili gari mara nyingi kuliko walivyolalia vitanda vyao. Mimi ananiita Haika, jina la utotoni ambalo karibu kila mtu ameliacha, sasa ni Mama Neema kila mahali.

Akazifunga. Wiki tatu, pedeli ikagoma tena.

Na hapa ndipo ninapoona aibu kuandika.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikwenda kwenye banda lake, Eliya mgongoni, sijalala, na mbele ya vijana wake na wateja wawili nikamwambia kwamba raba zangu mpya amezificha na kanifungia mbovu. Nilisema, "Mzee mzima na mvi zako, unaiba raba?" Nilisema kwa sauti. Nilitaka wasikie.

Hakubishana. Alifuta mikono akasema, "Mama, raba nilizofunga ni zile ulizoniletea." Aliniita mama. Kama mteja yeyote.

Nilipanda mlima kurudi nikijisifu kwamba mimi si wa kuchezewa.

Leo sasa. Neema yuko chekechea, Eliya amelala, mvua inapiga bati la kibanda cha gari. Nikasema leo naifungua pampu mwenyewe. Nilimwona baba akifanya mara nyingi, na nilikuwa na video kwenye simu ingawa ilikuwa inakatika katika. Mama alikuwa kwenye kiti chake na ukili wake, ananiona kupitia kioo.

Kwanza nikanyonya mafuta yote kwenye kile kikopo kidogo cha klachi, nikayamimina kwenye chupa ya jemu ili nisichafue. Nikafungua pampu. Raba zikatoka kwa shida, zimevimba, laini kama maharage yaliyolala kwenye maji. Raba mpya! Nikashangaa. Zilikuwa zile zile zangu, hata alama ya kijani pembeni niliitambua.

Nikaigeukia ile chupa ya jemu. Mafuta yalikuwa yametulia na kujigawa. Chini yale ya breki, ambayo ndiyo yanayotumika kwenye klachi pia. Juu tabaka jingine la njano, safi, linang'aa. Nikanusa.

Harufu ya chapati.

Nikanusa tena. Halafu nikamuuliza mama, taratibu, kama kuna mtu amegusa kikopo hiki.

"Mimi," alisema. "Kila Jumamosi naongeza kidogo."

Na alivyoeleza nilitamani ardhi inimeze. Baba enzi zake kila Jumamosi jioni, kabla ya gari kwenda kanisani kesho yake, alikuwa anafungua boneti na kumwita: "Mama Eliba, niletee kichupa." Mama anakuja na kichupa, anaongeza mwenyewe, baba anatazama anasema basi. Miaka yote hiyo. Ilikuwa kazi yake mama kwenye gari. Baba alipokufa hakuna aliyemwambia aache, na yeye hakuacha. Mimi Jumamosi huwa nateremka mjini kuuza ndizi na narudi jioni, sikuwahi kumwona. Kichupa kikaisha mwezi wa pili. Akaona asinisumbue, nina watoto wadogo. Akachukua mafuta ya alizeti ya jikoni.

"Si mafuta tu?" akaniuliza.

Nilikimbilia kikopo cha breki kwanza. Hicho hakukigusa, baba hakumruhusu kamwe. Nilinusa, nikachovya kidole, nikashukuru Mungu kwa sauti. Kila Jumapili nimeteremka na watoto wangu kwenye zile kona.

Mama akauliza tena, sasa ameuacha ukili. "Ndiyo iliyoharibu?"

"Hapana mama. Raba zimechoka tu."

Uongo. Ulitoka haraka kuliko nilivyofikiri. Nilimwona kaka akilini, nikamsikia anavyosema: unaona, mama ameshaanza kuchanganyikiwa, hawezi kukaa huko na wewe. Na mama hajachanganyikiwa. Alibana matumizi ya mtoto wake tu. Lakini nani atamwelewa?

Kwanza kulikuwa na deni la Mzee Ndesario. Hilo lilinichoma zaidi, kwa sababu hilo ni langu peke yangu.

Kwa anayesoma ambaye si wa huku: isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unakata jani, unalipiga fundo, unampelekea mkononi. Akilipokea amesamehe. Na kukataa kulipokea, hilo kwetu halifanyiki. Ndiyo maana halipelekwi ovyo. Mimi katika maisha yangu sikuwahi kulipeleka kwa mtu.

Nilikata moja pembeni ya kaburi la baba. Nikamfunga Eliya mgongoni, nikamwambia mama naenda kutafuta raba, nikateremka kwenye tope.

Banda lilikuwa na watu wale wale, kama vile wamewekwa wanisubiri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakuinua kichwa kwenye injini. "Leo nimeiba nini?"

Vijana wakacheka. Nilistahili. Nikatoa jani chini ya kanga, nikalishika kwa mikono miwili, nikamnyooshea. Kicheko kikakatika. Mzee akalitazama, akafuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, akalipokea.

"Aisee, wewe Haika ni mtoto mbaya," akasema. "Nilishapanga kukununia mpaka Krismasi. Hata ungepika machalari ya ndizi na nyama ningeyakataa. Sasa umenifunga mikono."

Haika. Nililia, shajara. Mbele ya watu wote. Eliya mgongoni naye akaanza.

Nilipomvuta pembeni nikamweleza habari ya alizeti, alicheka mpaka akakohoa. "Marehemu angesikia angefufuka, acheke, alale tena!" Akaniuliza kama mama anajua. Nikasema hapana. Kama Elibariki anajua. Hapana.

"Kwangu mimi raba zilichoka," alisema. "Lakini fikiri. Jumamosi ataongeza tena."

Hilo sikuwa nimelifikiri. Nilikuwa nimeficha kosa na kuliacha limesimama pale pale, na chupa ya alizeti mkononi.

Amesema kila bomba lazima lioshwe kwa spiriti, raba za juu na za chini zibadilishwe zote. Kesho atateremka mjini mwenyewe kuzitafuta, Jumamosi asubuhi anakuja. Kama hazipo mjini, hakusema itakuwaje, na mimi sikumuuliza.

Nilipanda kurudi nikipanga maneno. Mama, yale mafuta. Mama, usikasirike. Mama, hebu kaa. Kila sentensi niliyoianza ilifika kwenye uso wake ikaishia hapo.

Nilipofika, mama hakuwa kwenye gari. Kwa saa ile huwa yupo.

Nikaenda kibandani kukusanya spana. Chupa ya jemu haikuwepo kwenye boneti nilipoiacha. Iko kwenye kichanja cha vyombo, imeoshwa, imefunikwa kifudifudi.

Nilipoteremka kwa Mzee niliiacha pale kwenye boneti, mbele ya kioo chake. Mama yangu amekaanga chapati maisha yake yote. Nilifikiri hatayajua mafuta yake mwenyewe?

Na kwenye kioo cha gari, chini ya waipa, upande wa dereva, kulikuwa na jani la isale. Limepigwa fundo. Kwa magoti yale alikwenda mpaka kaburini kwenye utelezi, akarudi.

Nilikaa kwenye ngazi ya gari nikilitazama.

Sijui amempa nani. Gari? Baba? Au mimi, kwa sababu ndiye ninayekaa upande ule siku hizi? Nilipoingia jikoni alikuwa anamenya ndizi, mgongo amenipa. Akasema tu, "Umechelewa. Neema amesharudi ana njaa." Nikachukua kisu nikakaa kumenya naye. Niliona macho yake mekundu na nina hakika aliona yangu.

Kwa hiyo uongo wangu haukumkinga na chochote. Umemfanya tu aende kule peke yake.

Naogopa Jumapili. Naogopa mjini kukosekana raba. Naogopa kaka atauliza nini kiliharibika na mimi itabidi nichague neno. Lakini hilo la kaka nimeshaamua: nikiulizwa nitasema kweli yote, pamoja na kile kichupa kilichoisha na mimi nisikione, miezi yote, wakati boneti naifungua kila wiki. Akitaka kumpeleka mtu Arusha kwa kusahau, anipeleke mimi.

Eliya ameachia ziwa, amelala. Mama anaita, moshi umejaa jikoni.

Nikimaliza kuandika hapa nakwenda kumwambia kwamba jani limepokelewa. Ni mimi ninayeendesha, ni mimi ninayelipokea, basi. Na Jumamosi jioni, Mzee akishamaliza, nitafungua boneti nimwite mama kwa sauti kama alivyokuwa akiitwa. Nitampa kichupa chenye mafuta halisi ya breki. Amimine mwenyewe, mimi nitazame, niseme basi.

Jani sijalitoa. Waipa zikae bila kufanya kazi mpaka hapo.