Mwamuzi Strand na Mbio za Maren

S.L.P. 41,
Haskell Creek, Nebraska.
19 Juni

Mpendwa Mjomba Verlyn,

Habari za Alaska? Goti limepoa, au bado unalibembeleza kwa dawa za kuchua? Sisi wazima, ila mimi roho haijatulia tangu Jumamosi.

Maren wangu na wenzake wamekosa fainali ya besiboli. Mpira ulipigwa chini-chini, Maren akikimbia kutoka kituo cha pili kwenda cha tatu, mara mwamuzi, Mzee Strand, akapaza sauti: "Amemzuia mdakaji! Nje!" Eti msichana aliyeufuata mpira ndiye mwenye haki ya kupita, na Maren alimzibia njia. Alikuwa wa tatu kutolewa, na wakitolewa watatu zamu huisha, basi mchezo ukaishia hapo.

Nikasema hapa pana jambo. Kabla ya mchezo nilimwona Strand akinywa kahawa ya kocha wa wale wengine, tena kwenye kikombe cha kocha mwenyewe! Na mbona aliita upesi vile, kama aliyekuwa akisubiri? Thubutu, mimi si mtoto.

Nikamfuata. "Mzee Strand, macho yanakusumbua?"

"Macho yananisumbua, Lorna, na magoti pia. Lakini hilo nimeliona."

Watu wakacheka. Nikazidi kumshuku.

Jumapili nikaandika mashtaka kwa kamati ya ligi, wazazi tisa wakatia sahihi. Miaka ishirini na sita mzee yule anaamua bure, ujira wake soseji moja na soda. Jumatatu alirudisha kinyago chake cha kukinga uso na ufunguo wa stoo ya uwanja, akaacha uamuzi.

Jana naosha vyombo, Maren akaja analia. "Mama, nilipunguza mwendo makusudi ili yule msichana asiuone mpira. Babu Verlyn alinifundisha. Alisema waamuzi wa michezo ya watoto hawaoni kitu."

Mjomba! Na mimi nilitaka kukuandikia uniunge mkono! Hata zile hadithi zako za ushindi wa ujanani, sasa sijui niamini ipi. Nimeona haya, we acha tu.

Tulikwenda kwa Strand jana hiyo hiyo. Alimsikiliza Maren mpaka mwisho, akamshukuru. Kisha akanigeukia: "Na wale tisa, utawaambia nani alikosea?"

Nimeshafika nyumba nne.

Msalimie Shangazi Oleta. Maren hajambo, ila kukuandikia amekataa. Mungu awatunze huko kwenye baridi.

Mpwa wako akupendaye, ila sasa anakutazama vizuri,
Lorna