Ukanda Mweusi Kifuani mwa Héritier

Papa Donat,

Kama habari zinafika huko uliko, basi umekwisha kusikia kwamba mwanao Héritier aliletwa hospitali akiwa mwekundu kwa vumbi la Kambove, ukuta wa shimo la madini umemwangukia kifuani, na kwamba picha yake ya kwanza niliitoa mimi kwenye mashine yako ya kusafishia filamu za eksirei, na picha hiyo ilikuwa ya uongo. Nakuandikia ili usikie kwangu, si kwa watu. Watu wa Likasi unawajua. Habari ikitoka kwenye geti la hospitali, ikifika sokoni imeshaota pembe.

Najua utakasirikia shimo kwanza. "Mu nyumba yangu hakuna mutoto atashuka mu shimo," ndivyo ulivyokuwa ukisema, kisha unakohoa, na mazungumzo yamekwisha. Haya. Umekufa, kilio kimeisha, mtoto ameshuka. Nilianza kumgombeza kwa niaba yako hata kabla manesi hawajamkata shati, naye hakunijibu. Héri, ambaye tangu utoto hajawahi kukosa la kujibu! Hakuwa na pumzi ya kunijibu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Lakini nirudi nyuma kidogo, maana mashine ilikuwa imeanza ukorofi kabla yeye hajaletwa.

Tangu tulipokuzika, chumba cha giza kimebaki kwangu. Koti lako bado liko kwenye msumari, hakuna aliyethubutu kulitoa. Manesi wananiita mjane wa mashine. Nawajibu kwamba afadhali mume huyu, hanywi. Kukoroma anakoroma, hasa ile gia ya kushoto, lakini nani asiyekoroma? Kila asubuhi nafanya kama ulivyonifundisha: naosha rola, napitisha filamu kuukuu ili zizoe uchafu uliokauka, napima joto la dawa ya kusafishia picha, ndipo naweka kwenye droo filamu za kutosha siku hiyo tu.

Basi siku moja, asubuhi picha zilitoka safi. Baada ya chakula cha mchana zikaanza kutoka na ukanda mweusi upande mmoja. Mweusi kabisa pembeni, hasa kwenye kona, halafu unafifia ukielekea katikati. Kesho yake hivyo hivyo: asubuhi safi, mchana ukanda. Ilikuwa mikono na miguu tu, na mfupa hukaa katikati ya filamu, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Mimi nikaamua ni joto. Ulipokuwa umelala wodini walihamishia tangi la maji juu ya mabati, na jua la mchana linalipika kweli kweli. Maji hayo ndiyo yanayoipoza dawa. Nikajiambia: maji moto, dawa moto, filamu inaungua. Nikapanda mwenyewe na magunia yaliyolowa, nikalifunika tangi, nikashuka nikijiona fundi. Mchana ukanda ukarudi kama mpangaji mwenye ufunguo.

Siku hiyo hiyo ndipo walipomleta Héri.

Docteur Ilunga ndiye aliyekuwa zamu, yule kijana uliyesema anatembea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alimwekea sikio kifuani huku na huku, lakini Héri alikuwa akigumia, anavuta pumzi fupi fupi, mbavu zinamuuma hata akiguswa na shuka. Haikusikika kitu cha kuaminika. Nikapiga picha. Ilipotoka mashineni nikaibandika kwenye ubao wa taa, na wote wawili tukaisogelea. Juu ya pafu la kushoto palikuwa peusi tii. Hakuna ile mistari myembamba ya pafu, hakuna kitu.

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini mkono wangu unataka kuliandika. Mahali penye hewa tupu hutoka peusi. Hewa ikivuja kutoka kwenye pafu, inajikusanya kifuani, inalibana pafu mpaka mtu anakufa akiwa ameachama mdomo. Na pale pale juu, upande ule ule, ndipo ulipokuwa ukikaa ukanda wangu wa mchana.

"Aimée," Docteur akaniambia, "hii ni hewa, ao ni mashini yako? Kama ni hewa na nikangoja, atatufia. Kama hewa haiko na nikamutoboa, nitamuumiza pafu lenye liko muzima."

Hakunisema vibaya, wala hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia kelele. Alikuwa ameshaomba kisu na mpira wa kutolea hewa kifuani, vimelazwa juu ya kitambaa cha kijani. Akaniambia nipige nyingine, ila Héri akianza kugeuka rangi hatangoja mtu. Nikapiga nyingine. Ukanda ule ule. Midomo ya Héri ilikuwa imeanza kuwa na rangi nisiyoitaka.

Mama Léonie, mkeo, alikuwa kwenye benchi la korido, na kitambaa chake cheusi cha ujane, amevua viatu. Nilipopita nilifungua mdomo nimfariji, akanikata: "Usiniambie kitu. Fanya paka kazi, kazi tu."

Nikajifungia chumbani. Papa, nakwambia ukweli, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye bomba la kumwagia dawa. Nilitaka kuimwaga yote na kuweka mpya. Lilikuwa limebaki dumu moja tu la dawa, na kungoja dawa mpya ipate joto lake kungekula muda ambao mwanao hakuwa nao. Lakini nilitaka kufanya kitu, chochote, mikono ilikuwa inawasha kwa kutaka kufanya kitu. Nikakusikia: "Mashini haiko na kinywa. Usiishitaki mbele ya kuisikiliza kwanza." Miaka yote nilikuwa nikicheka uliposema hivyo. Safari hii nilikasirika. Nilikujibu kwa sauti, peke yangu mle gizani: basi sema wewe mwenye kinywa! Halafu nikakumbuka kwamba umekufa.

Nilisimama nimeshika bomba. Kisha nikaliachia.

Nikachukua kwenye droo filamu mbili ambazo hazijapigwa. Zinasimama wima mle, unajua, ukingo mmoja unatazama juu, kwenye mdomo wa droo. Nikazikunja kona za ukingo huo ili vidole vyangu vizitambue. Ya kwanza nikaiingiza mashineni kona iliyokunjwa ikitangulia. Ya pili nikaigeuza, kona ikaja nyuma. Kama mkosaji ni mashine, ukanda ungekaa mahali pamoja kwa zote mbili, mbele au nyuma, maana rola hazijui filamu imegeuzwa. Kama mkosaji ni filamu, ukanda ungeifuata kona.

Kungoja kule, Papa. Gia inakoroma, maji yanatiririka, na nyuma ya mlango nasikia kiatu cha Docteur kinakwenda na kurudi. Filamu ya kwanza ikatoka, nikaikamata. Ya pili ikatoka. Nikatoka nazo mbio hadi kwenye taa.

Ukanda uliifuata kona. Kwenye zote mbili.

Mashine yako haikuwa na kosa. Filamu zilikuwa zimeshaliwa na mwanga kabla hazijafika kwake, wala sikuwa na nafasi ya kujiuliza mwanga gani. Kabatini, mbali na chumba kile, kulikuwa na paketi ambayo haijafunguliwa. Nikaifungua gizani, nikapapasa, nikafungia filamu moja ndani ya kaseti, kasha lake la kupigia picha, nikakimbia. Nesi akamshika Héri mabega, mimi nikamwambia ashike pumzi kama tunavyowaambia watu wote, na macho yake yakaniuliza ashike ipi.

Picha hiyo ya tatu ya Héri niliikamata ikiwa bado na maji. Mapafu mawili, Papa. Mistari yake myembamba inapanda, inapanda, hadi juu kabisa chini ya mifupa ya shingo, kulia na kushoto. Mbavu za kulia zimevunjika, na pafu la chini yake limevilia damu kidogo. Hewa hakuna. Docteur aliitazama mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akakifunika kisu kwa kile kitambaa.

"Tusimutoboe," akasema. "Oksijeni, dawa ya maumivu, na watu wa kumulinda."

Nililia nikiwa nimeishika. Docteur akaniondolea filamu mkononi polepole ili nisiichubue.

Sasa sikiliza la pili, ambalo ndilo hasa linanifanya niandike. Kesho yake, baada ya kujaza droo, nilijifungia gizani nitafute tundu. Nikangoja macho yazoee, nikatazama mlango, dari, dirisha tulilolipaka rangi nyeusi. Hakuna hata ufa. Mchana ulipofika sikwenda kula. Nilibaki korido, nyuma ya machela, nikiona aibu kuvizia chumba changu mwenyewe. Akaja Mama Feli, mfagiaji wetu, na ufagio wake. Akaingia, akafunga mlango. Nikahesabu pumzi chache, nikafungua.

Alikuwa amepiga magoti chini ya koti lako. Mshumaa ulikuwa unawaka kwenye kopo la nyanya, juu ya meza, sawasawa juu ya ile droo isiyofunga vizuri, uliyokuwa ukiisukuma kwa goti. Mwanga ulikuwa ukichungulia kwenye upenyo wake. Alikuwa akija kila mchana ninapokula ili asinisumbue, anakuombea, anazima, anaondoka na kopo lake ndani ya aproni. Na harufu ya dawa zetu, unaijua, inameza harufu nyingine zote.

"Muzee alitumika kazi mu giza maisha yake yote," akaniambia. "Nilisema asibakie tena mu giza kule kwenye alienda."

Ningesema nini? Niliinama nikauzima. Aliniangalia kana kwamba nimekupiga kofi. "Aimée! Unazimia muzee taa yake?" Akatoka analia, na kabla ya jioni akina mama wote wa shirika lao la sala walikuwa na habari kwamba mjane wa mashine amemfukuza marehemu kazini kwake. Salamu zikakatika. Mmoja akahamisha kiti nilipoketi karibu naye. Iliniuma, sitakuficha. Nilikupenda kabla yao, mbona mimi ndiye nionekane sina moyo?

Basi nikawaita Mama Feli na Mama Léonie. Nikabandika picha ya kwanza ya Héri kwenye ubao wa taa, na ya tatu pembeni yake. Sikutoa hotuba. Nilimwonyesha Mama Léonie ukanda, nikamwambia kwamba mwanga ukiigusa filamu huigeuza nyeusi, na kwamba kwa weusi huu nusura mwanawe atobolewe kifua. Akaweka kidole pale.

"Huu weusi," akauliza, "ndio ule mushumaa?"

Nikasema ndiyo. Mama Feli akajiziba mdomo na aproni. Mama Léonie aliondoa kidole taratibu. Kisha akamwomba Mama Feli kopo, akalifunga ndani ya kitambaa, akaenda nalo nyumbani. Sasa linakaa mbele ya picha yako sebuleni, na jioni wanasali pamoja. Mama Feli bado hajanichangamkia. Anafagia hadi kizingiti cha chumba cha giza na kuishia hapo, nami namalizia ndani. Itapita.

Héri yuko kitanda cha dirishani. Ameanza kulalamikia chakula, kwa hiyo anapona. Ameapa mbele ya mama yake kwamba hatarudi Kambove. Mimi siamini kiapo cha mtu anayeumwa mbavu, nitangoja akiwa mzima aape tena. Docteur anapita kumwona hata siku zisizo zake, bado anatembea mbio.

Na mimi nina hasira nawe kidogo, Papa. Ulinifundisha rola, dawa, maji, gia. Hukunifundisha namna ya kumwambia mtu anayelia kwamba aondoe mshumaa wako. Nakutafuta bado. Filamu ikitoka vizuri nageuka kukuonyesha, nakutana na koti.

Nenda salama, Papa Donat. Mwangaza wako uko nyumbani, kwa mkeo, unapostahili kuwa. Hapa kazini sitakuwashia kitu. Droo nimeifungia kwa mpira wa tairi, koti nitalipeleka kwa Héri akisimama, na kila nitakapofunga mlango nitasimama kidogo kabla ya kushika chochote. Hayo ndiyo maombi yangu kwako, sina mengine. Nakuahidi giza, Papa. Giza safi, lisilo na hata tundu la sindano.

Mwanao wa kazi,
Aimée