Swichi Isiyojua Kudanganya

Roseau, Minnesota
Februari

Kwako kaka yangu Curtis,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi uliyoikimbia. Natumaini wewe na wifi hamjambo, na jua la Phoenix halijawakaanga. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, anafuma soksi, na kuhamia kwako anasema ng'o.

Nakumbuka ulivyosema: tanuri la gesi la kupashia nyumba joto likizimika tena, nyumba inauzwa na Mama anakuja kwenu, maana bibi wa umri wake hawezi kulala ndani ya friji. Basi lilizimika tena, juzi, theluji ilipoanguka. Usiruke, soma kwanza.

Yule fundi wa mwanzo alibadilisha swichi ya presha, akaibadilisha tena, na taa ya tanuri ikazidi kukonyeza hitilafu ile ile. Safari hii nilimwita Deb, fundi tuliyesoma naye. Alinieleza pole pole kwamba kabla gesi haijawaka, feni ndogo huvuta hewa na kuitoa nje kwa bomba. Kazi ya swichi ni kuhisi kama feni inavuta kweli. Isipohisi, gesi haifunguki, kwa sababu moshi ungerudi ndani na kumuua mtu usingizini. Nikamtajia ushauri wako wa kwenye simu, tuunganishe zile nyaya mbili ili swichi irukwe. Akaniuliza kama huyo kaka yangu ana haraka ya urithi.

Akakagua kimpira cha hewa cha swichi, hakikuziba wala kupasuka. Akasema, "Swichi nzima hii, shoga. Inawaambia kitu, nyie tu hamsikii. Hebu twende nje."

Bomba lilikuwa limefukiwa na theluji, tena theluji ya kurushwa. Unamjua Verlyn, jirani wa ng'ambo ya barabara aliyefiwa na mkewe. Kila theluji ikianguka huja na mashine yake bila kuombwa, anasafisha njia ya gari ya Mama, na mashine inaitema yote ukutani, juu ya bomba. Wema wake ndio uliokuwa ukimgandisha mama yetu.

Nilimwambia Mama tumwombe ageuze mdomo wa mashine. Alinijia juu. "Thubutu! Mtu anakusaidia, halafu umwambie anakuharibia? Nani kakulea wewe?" Unawajua watu wetu, Curtis, heri wafe na baridi kuliko kumkosoa jirani. Nikadhani ni adabu tu.

Kumbe sivyo. Alipomaliza kumimina kahawa aliniambia kwa sauti ndogo kwamba habari ya bomba aliijua tangu Krismasi. Ufagio uko mlangoni, angeweza kulifagia bomba mwenyewe. Ila Verlyn asipouona mvuke wa bomba ukutani ndipo hugonga, na hita ya umeme mkononi. Akikaribishwa kahawa hukataa mara mbili, kama mtu aliyelelewa vizuri, ya tatu anakaa mpaka wanamaliza keki. "Tanuri likipona, Marit, atakuja kwa kisingizio gani?"

Nililia, kaka. Tangu Baba atutoke tunamuuliza Mama kuhusu dawa na tanuri. Hakuna aliyemuuliza anaongea na nani.

Nikavuka barabara nikamweleza Verlyn habari ya bomba, ya kahawa nikaimeza. Masikio yakamwiva, akafunga mlango. Nikajua nimeharibu. Jana theluji ikaanguka tena. Akaja, akageuza mdomo wa mashine, akalifukua bomba kwa mikono, tanuri likanguruma bila wasiwasi. Kisha akagonga. Alisema amekuja kuitazama swichi. Mama akamwambia mbona inafanya kazi. Akavua kofia. "Zinazofanya kazi ndizo za kuangaliwa sana, LaVonne."

Kwa hiyo lile dalali lako liambie litafute nyumba nyingine. Mama haendi popote, na mimi simruhusu umchukue.

Msalimie wifi, watoto wabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana. Verlyn naye angekusalimu, ila yuko chumba cha chini lilipo tanuri, anakagua swichi, na Mama kamteremkia na kahawa. Nimetega sikio hapa ngazini: leo hajakataa hata mara moja.

Dada yako akupendaye,
Marit