Mstari Usio na Jina

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Bosi Huzefa amenipa kazi ya mkono! Sijashika kibao cha breli tangu nimzike mume wangu Asheri, mwaka wa tatu huu. Leo kaja na ripoti ya yule mwekezaji wa shamba la katani, ile tuliyoipanga kwenye kompyuta hapa kiwandani kwetu cha uchapaji wiki iliyopita. Ati wastaafu wa kambi za shamba wanataka nakala moja ya kusoma kwa vidole.

Msomaji ni shemeji Zebedayo. Rafiki wa marehemu, kipofu kama marehemu, opareta wa simu wa shamba miaka ishirini mpaka walipompunguza. Sasa ndiye msemaji wa wastaafu. Jumamosi ya tarehe 17 wanakutana kusema kama wanaukubali mpango wa mwekezaji au hawautaki. Atakalosema Zebedayo ndilo watakalofuata, wanamwamini mno.

Pande zote hizi amebaki yeye tu anayeweza kusoma mkono wangu. Nimefurahi. Ujinga, lakini nimefurahi.

Jumatano, 7 Agosti

Kurasa kumi na tisa! Vidole vinawaka. Unachoma nukta kutoka kulia kwenda kushoto, kinyumenyume, mpaka ugeuze karatasi ndipo zinasomeka. Mikono bado inakumbuka.

Ukurasa wa kumi na mbili kuna grafu. Nikamuuliza Huzefa nifanyeje. Akacheka — kipofu na picha wapi na wapi, Dada Yudith, andika tu "hapa pana picha" uendelee. Nikamwambia kuna maneno ndani yake. Akasema maneno ya ndani ya picha nayo ni picha, hata kompyuta inayaona hivyo. Hayafutiki, hayarekebishiki, yamekuja yamegandana na mistari.

Mweh! Kwa hiyo na msomaji naye ayaruke?

Nitamtengenezea. Asheri nilimfanyia ramani ya Tanga, akaipapasa kutoka bandarini mpaka Raskazone, akaniambia sasa hata mimi naweza kupotea peke yangu.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Ofisi imefungwa, watu wote maonyesho. Jirani yangu Leticia kaja kuniita, nikasema nina kazi. Kweli ninayo.

Nimebandika uzi wa katani kwa gundi juu ya karatasi ya manila. Mmoja wa kusimama, mmoja wa kulala, na ule wenyewe unaoanzia juu kushoto, unashuka, unashuka, mpaka chini kabisa kulia. Chini yake nimechoma miaka: 96, 97, 98, 99. Umetoka mzuri! Nimefumba macho nikaufuata kwa kidole sijui mara ngapi.

Jina la mstari halikuingia. Herufi za breli zinakula nafasi, "nyumba zenye wakazi" peke yake ingeumeza mstari wote. Ningeliweka kwenye karatasi ya pili. Karatasi ilikuwapo.

Nimepika wali wa mtu mmoja na bado umebaki.

Ijumaa, 9 Agosti

Amekuja mwenyewe kuchukua. Kavaa koti, na joto lote hili! Akapapasa ukurasa wa kwanza, akatabasamu: "Mkono ni uleule, shemeji. Bado unachoma kwa hasira." Nimecheka mpaka Huzefa akachungulia mlangoni.

Nikamwambia kuna grafu mle, ikimtatiza aje Jumatatu nimweleze. Akasema atakuja.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimenunua vitumbua. Hakuja.

Jumanne, 13 Agosti

Hakuja. Vitumbua vimechacha, nimetupa.

Jumatano, 14 Agosti

Hakuja. Haya, niandike ukweli, hakuna wa kunisoma humu. Ile karatasi ya pili niliiacha makusudi. Nilitaka aje aulize. Nilitaka mtu akae mkabala na mimi, aseme, "Na hapa ni nini, shemeji?" Basi. Hilo tu. Mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili!

Alhamisi, 15 Agosti

Leticia ametoka kambini kwa dada yake. Ati Zebedayo anazunguka nyumba kwa nyumba na manila yangu, anawapapasisha watu ule uzi. Anawaambia ni ajali za korona, ile mashine ya kuchambua mkonge iliyowala wengi mikono. Zitapungua, zitapungua, mwaka 99 haitakuwapo hata moja! Watu wanashangilia. Dada yake Leticia atanyoosha mkono kukubali.

Nimekaa chini palepale uani.

Ukurasa wa kumi na moja unazungumzia ajali. Kageuza, kakuta mstari unashuka hauna jina. Angejuaje? Hata mimi ningedhani hivyo. Ndiyo maana hakuja, jamani. Hakuwa na la kuuliza.

Ni nyumba! Nyumba zenye wakazi, kambi zote. Mwaka huu zimejaa, 99 hakuna hata moja. Na mle wanaishi wastaafu watupu, Zebedayo mmoja wao. Kwenye maelezo wameandika tu "makazi yatapangwa upya", mtu anasikia ataletewa bati jipya. Hilo neno "nyumba" liko ndani ya ile picha, kwingine halimo. Nimeisoma ripoti yote tena leo, halimo.

Na mimi nililisoma Jumatano ile ya kwanza. Nikaliweka akiba, la kumwambia tukinywa chai.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimeomba ruhusa, Huzefa kakataa, kadi za harusi za watu zinasubiriwa. Nimepiga simu ya shamba. Inaita tu. Aliyekuwa akiipokea ni yeye.

Karatasi ya pili nimeichoma mchana badala ya kula. Maneno matatu juu, chini nimeeleza kila mwaka. Haikuchukua hata robo saa. Robo saa!

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika hapa shambani, kwenye ngazi za bwalo. Nimepanda gari la Horohoro alfajiri, nikateremkia njia panda, nikatembea.

Nilimkuta pembeni anangoja mkutano uanze. Akanijua kwa hatua. "Shemeji! Umekuja kuiona kazi yako!" Watu wakageuka kunisalimia, wengine wakanishukuru. Nilitamani ardhi ipasuke.

 Nimeshika kidole chake nikakiweka juu ya karatasi ya pili. Akasoma. Akarudia. Kisha akatoa manila, kidole kikashuka na ule uzi polepole mpaka mwisho, kikakaa hapo.

"Ulijua siku ile unanipa?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Nikasema nilidhani utakuja Jumatatu. Ndilo lililonitoka. Upuuzi gani huu, Mungu wangu!

Hakugomba. Afadhali angegomba. Nikampa kiwiko nimwingize ndani, hakukishika. Akaita, "Uweso! Njoo unishike mkono." Yule mzee akaja, wakaingia.

Mimi nimebaki nje. Naandika, nifanye nini kingine. Mwenyekiti ameshasema watanyoosha mikono baada ya msemaji. Wamemtaja jina. Makofi mengi, ya furaha — hawajui bado. Yamekwisha.

Anakohoa.

Anasema mstari huu aliwaeleza vibaya. Kelele kidogo. Anasema aliyeutengeneza yuko nje, aingie awaambie kwa mdomo wake unaitwaje, na alijua tangu lini.

Mlango umefunguliwa. Uweso ananiita.