Kamati Uliyoitaka Iwe Kubwa

Mpendwa Mjomba,

Soko jipya limeshazoeleka. Mabati yake bado yanang'aa, maji yapo, vyoo vipo, na mimi kila nikipita pale nageuza uso upande wa pili. Hukuwahi kuliona likifunguliwa. Sidhani kama lingekufurahisha.

Wewe ulikuwa fundi baiskeli wa soko la zamani hapa Ruangwa, ndugu wa mama yangu tumbo moja. Baba alipotuacha ukanichukua kama mwanao. Nakumbuka ulivyonipakia nyuma ya baiskeli hadi Nachingwea kumsalimia bibi, nimekushika kiuno, na kila tukifika mlimani ulisema, "Shuka mama, tutembee. Na baiskeli nayo ipumue."

Nakumbuka zaidi siku ile ya ukumbini. Halmashauri ilitaka kuhamisha soko, ikaitisha mkutano ili iundwe kamati ya wananchi ya kuishauri: lijengwe wapi, vizimba vigawiwe vipi. Afisa maendeleo, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alipendekeza wajumbe tisa. Ukasimama na shati lako la Idi, kucha bado zina grisi.

"Hao tisa watatoka wapi?"

"Hapa hapa mjini, mzee. Wafanyabiashara, viongozi wa dini, vijana, akina mama."

"Na mama wa kata ya Malolo anayeleta ufuta wake kichwani, atasemewa na nani?"

Afisa hakukudharau. Alisema kwa upole, "Mzee wangu, hoja yako naielewa. Lakini tukiwa wengi hatutakutana. Nusu ya wajumbe wasipofika, hakuna kikao."

"Watafika. Nawajua wote, nimewazibia pancha."

Ukumbi ukacheka, kisha ukapiga makofi. Diwani akaona upepo unakoelekea. Ikakubaliwa kila kata itoe watu wawili, na makundi ya mjini yabaki na wajumbe wao. Kamati ikapita watu hamsini. Ulirudi nyumbani ukashindwa hata kukaa chini kula kwa furaha. "Dada," ulimwambia mama, "leo tumeingia wote."

Kikao cha kwanza watu walijaa hadi madirishani. Kujitambulisha tu kulichukua muda hadi adhana ya adhuhuri, na ajenda yenyewe haikuguswa. Wewe hukujali. Ulisema kwa mara ya kwanza mtu wa kata ya Chunyu amelitaja jina lake ndani ya ukumbi ule.

Kikao cha pili kiliangukia wakati wa korosho kudondoka, na nani angeziacha chini? Hawakutimia nusu. Cha tatu ulikihangaikia mwenyewe. Ulipiga simu, ukatuma salamu kwa madereva wa bodaboda, ukatengeneza baiskeli za watu bure ili mradi waje. Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikuletea chai, nikakukuta umekaa na yule afisa katikati ya viti vitupu.

"Tungoje tena kidogo, mzee?" alikuuliza.

"Tungoje."

Mlingoja hadi mhudumu wa ukumbi akaja na funguo kufunga.

Muda wa kamati ukapita, halmashauri ikaamua peke yake. Wenye maduka walipata vizimba. Wanaouza kwa mafungu chini hawakutengewa hata kona, na hadi leo wanatandika magunia yao nje ya uzio, juani. Watu walikugeukia wewe. Pale kwenye kahawa mtu mmoja alikwambia mbele ya wenzako, "Ungekubali wale tisa, leo tungekuwa na wa kutusemea." Tangu siku hiyo hukwenda tena kunywa kahawa pale.

Ulipolazwa, nilikuwa nakupepea kwa ncha ya khanga yangu. Ulifumbua macho ukasema, "Niliwaamini. Hawakuja." Tukakuzika na neno hilo, Mjomba, na mimi nikabaki nalo.

Sasa inajengwa stendi mpya, na kamati nyingine imeundwa. Tuko kumi na watano. Kata zilizo jirani zinashirikiana mjumbe mmoja, na vikao vinazunguka huko huko vijijini, tena mavuno yakishaisha. Jambo rahisi namna hii! Wakati ule mlibishana kwa moyo safi juu ya wangapi waje mjini, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuwafuata walipo. Afisa wako bado yupo, nywele zimeanza mvi. Tulipokuwa njiani kwenda kwenye kikao cha kwanza alisema, "Laiti tungefanya hivi mzee akiwa hai." Niliangalia nje ya dirisha.

Kikao kilikuwa Chunyu, kwenye darasa la shule. Tulipomaliza, bibi mmoja alinifuata mlangoni, anachanganya Kimwera na Kiswahili. Alikuwa mmoja wa wale wajumbe hamsini.

"Wewe si mtoto wa yule fundi baiskeli? Hajambo?"

Kabla sijajibu akanishika mkono. "Mwambie siku ile ya mvua tulitoka. Tulikuwa wengi wa huku. Tukakuta mto umejaa, tukakaa ukingoni tukiungoja upungue. Haukupungua. Giza likaanza, tukarudi. Simu ilikuwa imezima, na baadaye tukaona aibu kuja kumweleza."

Nikamwambia kwamba umeshatangulia mbele ya haki. Alijifunika uso kwa khanga.

"Kwa hiyo hakujua," alisema.

"Hakujua, bibi."

Nimeshakaa na maneno hayo siku kadhaa na hayanipi raha. Yangekufaa wewe, pale kitandani, nikikupepea. Mto mmoja tu ndio ulikuwa kati yenu, na sisi tuliokuzunguka hatukujua la kukueleza. Nakuandikia sasa kwa kuwa sina njia nyingine ya kukufikishia.

Walikuwa wanakuja, Mjomba. Mungu akupumzishe ukilijua hilo.

Mpwa wako,
mtoto wa dada yako